"Mliniambia ni ngome": uchambuzi wa kisa cha ngazi za Kotor

Sababu ya kuandika

Kisa hiki kilitokea katika mji wa Kotor, nchini Montenegro, mwezi wa Julai, miaka michache iliyopita. Watu saba wa chama kidogo cha Waswahili waishio kusini mwa Ujerumani walipanda ngazi za mawe zinazotoka mjini hadi kwenye ngome ya Mtakatifu Yohana iliyoko juu ya mlima, na mmoja wao, mama wa miaka sitini na miwili aliyekuwa ziarani kutoka Mombasa, akateremshwa kwa machela. Hakufa mtu, na majeraha yalipona. Mimi ndiye niliyekuwa mratibu wa safari hiyo. Nimeiandika habari yake kwa kirefu kwa ajili ya wenzetu wanaopanga matembezi ya vyama, ya familia na ya shule, kwa kuwa kila uamuzi uliotufikisha pabaya ulionekana wa busara wakati ulipokuwa ukifanywa. Majina ya wahusika, mji wanakoishi na mwaka wenyewe nimeviacha kwa makusudi, nao wote wamesoma maandishi haya na kuridhia yatolewe.

Mahali penyewe

Kotor ni mji wa kale uliojibanza kati ya ghuba na mlima. Mbele yake kuna maji ya bahari yaliyoingia ndani sana ya nchi kavu, na nyuma yake mlima wa mawe ya chokaa unapanda kama ukuta. Kuta za mji haziishii chini. Zinaparamia mlima huo, zinaizunguka ngome iliyoko juu kiasi cha mita 260 kutoka usawa wa bahari, kisha zinashuka tena upande wa pili. Urefu wake wote ni kama kilomita 4.5. Sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ilijengwa au kuimarishwa na watawala wa Venice, walioushika mji kuanzia mwaka 1420 hadi 1797. Waosmani waliuzingira mwaka 1539 na tena mwaka 1657 bila ya kuuteka. Tetemeko la ardhi la tarehe 15 Aprili 1979 liliuharibu vibaya, na mwaka huohuo eneo zima likaandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2017 kuta zake ziliorodheshwa tena, safari hii pamoja na ngome nyingine za Venice zilizoko Italia na Kroatia.

Ngazi zinazopanda ngomeni huhesabiwa kuwa kama 1,350. Anayetaka kupata picha yake na afikirie jengo la ghorofa themanini na zaidi, lisilo na lifti, ambalo ngazi zake hazilingani kimo: moja fupi, inayofuata ndefu, ya tatu imeinama upande. Mawe yake yamekanyagwa kwa karne nyingi hadi yakang'aa, na mahali pengi hapana kitu cha kushikilia upande wa bondeni. Karibu na theluthi ya kwanza ya njia kuna kanisa dogo la Bikira Maria wa Afya, lililojengwa mwaka 1518 na watu walionusurika na tauni. Kanisa hilo ndilo alama kuu ya njia nzima, nalo linaonekana hata kutoka chini mjini.

Mambo mawili kuhusu mahali hapo tulipaswa kuyajua mapema, na hatukuyajua. La kwanza ni kwamba mteremko huo unatazama upande wa magharibi. Asubuhi mlima wenyewe hulikinga jua, njia ikawa na kivuli na mawe yakawa baridi, lakini jua likishauvuka mlima hupiga moja kwa moja, na kuta za chokaa hulirudisha joto usoni mwa mpandaji. La pili ni kwamba njia hiyo si moja. Karibu na kilele kuna dirisha katika ukuta wa nyuma, na mtu akipita hapo huteremkia kibonde chenye kanisa la zamani la Mtakatifu Joji, kisha huungana na njia ya kale ya kona nyingi iliyokuwa ikiunganisha Kotor na vijiji vya milimani hadi Cetinje. Njia hiyo humshusha mtu nje ya ukuta wa mji, upande wa kaskazini, karibu na mto Škurda. Kwa hiyo watu wawili waliopanda pamoja wanaweza kushuka mahali tofauti kabisa bila ya kuonana.

Watu na maandalizi

Kundi lilikuwa na mratibu. Muuguzi mmoja mwenye uzoefu wa miaka mingi hospitalini. Shangazi, kama tulivyomwita sote kwa heshima. Mpwa wake wa kike mwenye umri wa miaka thelathini na kitu. Mtoto wa kike wa mpwa huyo, mwenye miaka tisa. Na vijana wawili wa kiume, binamu, wa miaka kumi na tisa na ishirini na mmoja. Shangazi alikuwa akitumia dawa za presha, mojawapo ikiwa ile inayomwendesha mtu haja ndogo mara kwa mara. Jambo hilo alilijua mpwa wake peke yake.

Tangazo la matembezi nililiandika mimi, nalo lilikuwa sentensi moja: "Kesho asubuhi tutatembelea ngome ya kale, kuna mandhari nzuri sana." Shangazi alivaa makubadhi yake ya ngozi, dera jepesi na leso begani. Kila mtu alibeba chupa ya nusu lita ya maji. Tulipanga kuondoka saa 1:30 asubuhi, lakini kwa sababu ya kungojana kwenye kifungua kinywa, na baadaye kupitia sokoni, tukafika kwenye lango la malipo saa 3:50. Hakuna aliyeuliza kama saa mbili na dakika ishirini tulizochelewa zilibadili chochote katika mpango.

Mfululizo wa matukio

Sehemu ya kwanza tuliipanda kwa furaha, tukisimama kila penye kona kutazama mapaa mekundu ya mji yakizidi kushuka chini yetu. Tulifika kanisani saa 4:35. Shangazi alikuwa amekaa kimya kwa muda, akipanda kwa mkono mmoja ukutani, na alipoketi penye kivuli cha kanisa alivua kubadhi moja, akalitazama, akalivaa tena. Kisha akasema, "Nendeni nyinyi, mimi nitakaa hapa. Msikatishe safari kwa ajili yangu."

Hapo ndipo uamuzi wa kwanza mkubwa ulipofanywa. Niliona nina njia tatu: kurudi sote, kubaki sote kwa muda kisha tushuke, au kugawana. Nilichagua kugawana. Tulikuwa tumekwisha kulipa kiingilio, vijana walikuwa na hamu, Shangazi mwenyewe alikuwa ametoa ruhusa, na mahali pale palikuwa na kivuli. Mpwa alibaki naye. Mtoto alilia kutaka kupanda, muuguzi akajitolea kumshika mkono. Nilisema kwa sauti, "Tutakutana hapahapa." Sikutaja saa, wala sikusema la kufanya iwapo mmoja wetu hatafika.

Vijana walitangulia na baada ya kona tatu hatukuwaona tena. Walifika kileleni saa 5:20. Walipokuwa wakizunguka kuta waliwaona watalii wengine wakipita kwenye lile dirisha, nao wakapita. Walivyotueleza baadaye, nia yao ilikuwa kushuka kwa njia ndefu zaidi lakini kwa mwendo wa haraka, watutangulie mjini na kutununulia maji baridi. Waliandika ujumbe wa simu kutueleza hivyo. Ujumbe haukutoka.

Mimi, muuguzi na mtoto tulifika juu saa 5:35, tukapumzika hadi saa 6:00, tukaanza kushuka. Tulifika kanisani saa 6:40 tukiamini kuwa vijana wako nyuma yetu, kwani hatukuwa tumewakuta kileleni na kuta zile zina pembe nyingi za kujipumzishia. Kivuli cha kanisa kilikuwa kimekwisha kusogea. Maji yalikuwa yamebaki chupa moja, tena si kamili. Wakati wa adhuhuri ulipoingia, muda mfupi kabla ya saa saba, Shangazi alitayamamu kwa vumbi la ukuta, akaswali ameketi, na kusema kwamba maji yaliyobaki apewe mtoto.

Uamuzi wa pili mkubwa ulikuwa wangu pia. Vijana walikuwa hawajafika, simu zao hazikupatikana, nami nikapanda tena peke yangu kuwatafuta. Nilimwambia muuguzi angoje. Nilipofika juu niliuliza watu kwa ishara na kwa Kiingereza, hadi mzee mmoja mtalii aliponielekeza dirishani na kunionyesha vidole viwili. Kwa wakati huo vijana walikuwa wameshafika mjini tangu saa 6:45, wakitusubiri kwenye lango la kaskazini wakiwa na maji ya lita sita.

Kanisani joto lilizidi. Shangazi alilalamika kichwa, kisha kichefuchefu. Saa 7:15 muuguzi aliamua kutoningoja, kwa hoja kwamba kila dakika waliyokaa juani ilimpunguzia mgonjwa nguvu za kushuka. Waliteremka polepole, mpwa mbele, Shangazi katikati akiwa amemshika bega, muuguzi nyuma akiwa na mtoto. Kwenye kona ya pili chini ya kanisa, Shangazi alikanyaga ukingo wa jiwe lililong'aa, kubadhi likateleza, akaanguka ubavu. Kifundo cha mguu wa kulia kilipinda, na kiganja alichojizuilia kikachubuka vibaya.

Jinsi mgonjwa alivyohudumiwa

Nadhani sehemu hii inastahili kuelezwa kwa undani, kwa sababu ndiyo iliyofanywa vyema kuliko zote. Muuguzi hakujaribu kumsimamisha. Alimlaza kwenye ukanda mwembamba wa kivuli chini ya ukuta, akamwinulia miguu juu ya begi, akamlegezea nguo shingoni na kifuani. Alimwomba mpwa asimame upande wa jua na kutandaza leso kama pazia. Kisha akaanza kumuuliza mgonjwa maswali mepesi: leo siku gani, mjukuu wako anaitwa nani, tumekula nini asubuhi. Alitaka kujua kama akili imevurugika. Mtu aliyechoshwa na joto huwa na kizunguzungu, jasho jingi, udhaifu na kichefuchefu, na aghalabu hupata nafuu akipozwa na kunyweshwa. Akianza kupayuka, kuchanganyikiwa au kuzimia, hiyo ni hali nyingine inayoua, na hapangojwi kitu. Shangazi alijibu kila swali sawasawa, ijapokuwa polepole.

Wapandaji wawili wasiotujua walisimama na kutoa chupa mbili za maji. Muuguzi alilowesha leso, akaiweka shingoni na kwapani, akampepea kwa kofia ya mtoto, na kumnywesha maji kwa funda dogo dogo. Hapo ndipo alipouliza habari za dawa, na mpwa akamweleza. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba laiti angelijua jambo hilo tukiwa bado chini, asingekubali mama huyo apande hata ngazi mia moja wakati jua limeshauvuka mlima.

Baada ya kama dakika ishirini kizunguzungu kilipungua, lakini mguu haukuweza kubeba uzito. Muuguzi akapiga 112. Simu za dharura hupita kwenye mtandao wowote unaopatikana mahali hapo, hata kama mwenye simu hana kifurushi cha nchi hiyo, na kwa hiyo simu ile ile iliyoshindwa kuwapata vijana iliwapata waokoaji. Aliweza kuwaambia kwa ufupi: kona ya pili chini ya kanisa, mwanamke wa miaka sitini na miwili, yuko macho, mguu umeumia, amechoshwa na joto, anatumia dawa ya presha. Walifika kwa miguu wakiwa na machela na kumteremsha kwa zamu, hatua kwa hatua, kazi iliyowachukua muda mrefu kuliko kupanda kwao. Nilifika nilipoambiwa na wapita njia kwamba kuna mama ameanguka, na nikawakuta wanamfunga mikanda.

Alinitazama akasema, "Hamkuniambia ni mlima. Mliniambia ni ngome."

Matokeo

Hospitalini alitiwa maji ya mshipa, akapigwa picha ya mguu na ya kiganja. Mfupa haukuvunjika, kifundo kilikuwa kimeteguka. Alitoka jioni ile ile, akatembea kwa magongo kwa wiki tatu. Bima ya safari aliyoikata kwa ajili ya viza ya Schengen haikusaidia, kwa kuwa iliandikwa kwa nchi za Schengen tu na Montenegro haimo. Alikuwa ameruhusiwa kuingia Montenegro kwa viza hiyohiyo, nasi tukadhani bima nayo inafuata njia hiyo. Gharama zote tulizilipa kwa kuchangishana. Vijana walilia mbele yake, naye akawasamehe kabla hawajamaliza kusema.

Uchambuzi

Nianze na neno lenyewe, kwa maana sentensi ile ya Shangazi machelani ndiyo iliyonifungua macho kuliko yote. Kwa mtu aliyekulia Mombasa, ngome ni Fort Jesus. Ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milano, juu ya mwamba wa matumbawe kando ya bahari, na mtu huiingia kwa miguu kutoka barabarani, akitoka nyumbani kwake Mji wa Kale kwa mwendo wa dakika chache. Kwa Mzanzibari, Ngome Kongwe iko mkabala na Forodhani. Neno hilo pwani halina mlima ndani yake. Niliposema "tutatembelea ngome" nilimwonyesha Shangazi lango, ua, mizinga na kivuli cha ukuta, na kwa picha hiyo makubadhi yalikuwa viatu vinavyofaa kabisa. Hakukosea kuvaa. Mimi ndiye niliyekosea kusema. Laiti tangazo lingesema "ngazi 1,350 za mawe yanayoteleza, hakuna choo, hakuna kivuli baada ya saa nne", angevaa viatu vingine au angebaki mjini akala samaki, na kwa lolote kati ya hayo angekuwa ameamua mwenyewe.

Kuhusu choo, kuna jambo ambalo tulilijua siku ya pili tu. Shangazi alikuwa hanywi maji tangu asubuhi. Anakunywa dawa inayomwendesha haja, ameona njia haina mahali pa kujisitiri, basi akaamua kufunga mdomo. Hesabu ya maji niliyoifanya mimi, nusu lita kwa kila mtu, ilikuwa ndogo, lakini hata ningebeba mara tatu yake asingeyanywa. Kina mama wengi wa makamo hufanya hivyo safarini na hawamwambii mtu, hasa kiongozi wa kiume. Anayepanga matembezi yenye wazee anapaswa kulitaja jambo hili waziwazi kabla ya kuondoka, au ampe kazi hiyo mwanamke mwenzao aliye karibu nao.

Kuchelewa kulituumiza kwa namna ambayo haionekani kwenye saa. Mpango wa saa 1:30 na mpango wa saa 3:50 haukuwa mpango mmoja uliosogezwa mbele. Ule wa kwanza ulikuwa matembezi kivulini. Wa pili ulikuwa matembezi juani, pamoja na umati wa abiria wa meli za watalii wanaoshuka bandarini asubuhi na kujaza ngazi, wakikulazimisha kusimama na kupishana kwenye ukingo. Tungepaswa kuufuta na kuupanga upya kwa ajili ya siku iliyofuata. Nilihisi vibaya kuwaambia watu waliokwisha kuvaa na kujiandaa kwamba leo hatuendi, na hisia hiyo nikaiita busara.

Kugawana kundi penye kanisa nakutetea hadi leo, kwa sharti. Mzee aliyechoka, kivuli kipo, ndugu yake yuko naye, hakuna haja ya kila mtu kurudi. Kosa lilikuwa katika ahadi. "Tutakutana hapahapa" ni maneno ya mapenzi, lakini si mapatano. Mapatano yangekuwa na saa ya kurudi, njia ya kurudi, na hatua ya kuchukuliwa saa hiyo ikipita: kwa mfano, "saa sita kamili tuwe hapa, kwa njia hii hii, asiyefika, waliopo washuke hadi lango la malipo na wangoje hapo." Kwa maneno hayo machache, Shangazi angekuwa ameanza kushuka saa sita, akiwa bado na nguvu, na vijana wangekuwa wamejua kwamba dirisha lile halimo katika ruhusa waliyopewa.

Nilijiuliza pia kwa nini Shangazi hakusema wazi kwamba amechoka, na kwa nini vijana hawakurudi kutuambia. Jibu nililolipata liko katika malezi yetu. Mtu mzima aliyelelewa vyema hawalemei wadogo zake. Anasema "nendeni", na anayemsikiliza anapaswa kulisikia lile ambalo hakulisema. Vijana nao walikuwa katika hali ya kutaka kuwatumikia wakubwa: maji baridi yakiwangoja wazee langoni ilikuwa zawadi, na zawadi haitangazwi. Adabu zote mbili ni njema, na sitaki mtu asome hapa akadhani naziona kuwa ndizo zilizomwangusha mama yule. Ila mlimani hazitoshi. Kiongozi anapaswa kuuliza swali linaloweza kujibiwa bila ya kuvunja heshima. Badala ya "Shangazi, umechoka?", ambalo jibu lake ni "hapana" daima, aulize "Shangazi, tushuke sasa hivi au baada ya nusu saa?"

Simu zilituangusha kwa sababu iliyo rahisi kuizuia. Montenegro inatumia yuro, na hilo lilitupumbaza. Si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na vifurushi vya laini zetu za Ujerumani vilihesabu nchi za Umoja tu. Vijana walikuwa wamezima intaneti na huduma ya nje ya nchi tangu mpakani, kwa kuogopa bili. Laini moja ya nchi ile, ya bei ndogo, katika kila kikundi kinachoweza kutengana, ingemaliza habari ya kutafutana.

Kupanda kwangu mara ya pili ndilo kosa ninaloliona zito zaidi kwa upande wangu. Vijana wawili wazima, wenye afya, waliokosekana kwa dakika arobaini, walikuwa na hatari ndogo kuliko mama mwenye presha aliyekaa juani bila maji. Nilikwenda kwa waliopotea nikamwacha aliye mbele yangu, kwa kuwa kupotea kunatisha kuliko kuchoka. Isitoshe, nilimwamuru muuguzi angoje, nikimfunga mikono mtu pekee aliyekuwa na elimu ya kupima hali ile. Yeye alilivunja agizo langu, na alifanya vyema, ingawa kwa nusu saa alikuwa amelitii.

Lipo jambo moja zaidi kuhusu kushuka. Wengi hupima ngazi kwa pumzi za kupandia, na kijana akifika juu bila kuhema huona shughuli imekwisha. Kumbe kupanda huchosha mapafu, ambayo hupumzika upesi, na kushuka huchosha mapaja na magoti, ambayo yakishaanza kutetemeka hayarudi siku ile. Mguu uliochoka hautui pale unapoutaka utue. Mawe ya Kotor yamelainika zaidi kwenye kingo, ambako kila nyayo hukanyaga, na soli ya kubadhi ni ngozi tupu. Muuguzi alimweka mpwa mbele ili amzuie Shangazi asiporomoke, na hilo huenda ndilo lililofanya aanguke ubavu tu. Ningeongeza kwamba upande wa ukutani ndio wa mgonjwa, na upande wa bondeni ni wa mwenye nguvu, hata kama wanaopanda watalazimika kungoja.

Kati ya vijana, mkubwa alifanya jambo moja la kusifiwa. Waliposubiri hadi saa 7:30 bila kutuona, hawakupanda wote wawili. Alimwacha mdogo wake langoni na kupanda peke yake na maji kwa njia kuu, ili yeyote kati yetu akitokea upande wowote akute mtu. Alifika kwa Shangazi dakika chache kabla ya waokoaji. Hakuna aliyemfundisha, na ndivyo mimi nilivyopaswa kufanya tangu saa 6:40.

Yaliyobadilika katika chama chetu

Tangu siku ile tangazo la matembezi huandikwa na watu wawili, na mmoja wao ni muuguzi. Hutaja idadi ya ngazi, upande ambao jua hupiga na saa linapoanza kupiga, viatu, choo, na mahali ambapo mtu anaweza kuishia bila aibu. Kila mshiriki humwambia muuguzi faraghani dawa anazotumia. Bima husomwa nchi kwa nchi. Tukichelewa zaidi ya saa moja, safari inafutwa bila ya mjadala.

Mwaka uliofuata tulikwenda Nafplio, Ugiriki, kwenye ngome ya Palamidi, iliyojengwa na watu hao hao wa Venice kati ya mwaka 1711 na 1714 juu ya mlima wa mita 216, na ambayo ngazi zake husemwa kuwa 999. Shangazi alikuwa amerudi Ulaya kwa harusi. Nilimpelekea tangazo kabla ya wengine. Alinipigia simu na kuuliza, "Hiyo ni ngome ya kuingia mlangoni au ya kupanda?" Nikamweleza kwamba ni yote mawili, kwani kwa upande wa nyuma kuna barabara ya gari inayofika hadi lango la juu. Alikuja kwa teksi na mpwa wake saa 2:30 asubuhi, akiwa na makubadhi yake, akatukuta tumeketi ndani ya lango tukihema.